Siku Zeze Lilipotolewa Nje

Sogeeni karibu, lakini msiache kumenya karanga. Masikio na vidole havigombani. Mmoja wenu ameniuliza kwa nini zeze likaitwa zeze, na wote mkamtumbulia macho, ninyi mnaocheza kila harusi mpaka vumbi linaingia kwenye mlenda wa watu. Basi nitamjibu mimi, huku nikikaza nyuzi za hili langu. Atakayenikatiza atakwenda kuchota maji.

Zamani hizo, katika kijiji cha Lwandamo, vyombo vya muziki vilikuwapo kama mnavyovijua leo, ila havikuwa na majina. Palikuwa na vya nyuzi, vya ngozi, vya kupuliza na vya kutikisa, na kila kimoja kiliitwa kwa jina la mtu aliyekitengeneza. Kilichotengenezwa na Tabwe kiliitwa Tabwe. Kilichotengenezwa na Chidong'o kiliitwa Chidong'o. Ukisikia mwanamke anamlalamikia jirani yake kwamba Tabwe ametobolewa na panya, ilikubidi kwanza uulize ni Tabwe yupi, ndipo ujue kama ukimbie au ucheke.

Siku ya mchezo, mwitaji alisimama katikati ya uwanja akaviita vyombo kimoja kimoja. Kilichoitwa kiliingia, na ambacho hakikuitwa kilikaa kimya pembeni. Kupiga bila kuitwa kulikuwa sawa na kuingia nyumba ya watu bila hodi, na watu wa Lwandamo walikuwa wakali wa hodi kuliko hata mimi. Mwitaji wa siku hizo alikuwa Chidong'o mwenyewe, mzee mrefu, mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe, aliyeipenda mila kiasi kwamba hata akipiga chafya alitazama kwanza kama ni wakati wake.

Sasa, watu hao walikuwa na mwiko mwingine, na huo ndio uliowaharibia starehe. Mtu akifa, jina lake halikutajwa tena mpaka azaliwe mtoto katika ukoo wake na kulichukua. Mwiko wenyewe si mbaya. Hata sisi tunaona uzito kumtaja marehemu ovyo ovyo. Lakini fikirini. Mwenye chombo akifa, jina la chombo nalo haliwezi kutajwa. Lisipotajwa, mwitaji hawezi kukiita. Kisipoitwa hakiingii mchezoni. Basi kikatundikwa juu darini mwa tembe, kwenye moshi, kingoje mtoto. Na mtoto akizaliwa akapewa jina, chombo kinakuwa chake yeye, na hakuna mwingine wa kukigusa mpaka awe mkubwa. Mpaka hapo nyuzi zimeshaoza, ngozi imeshaliwa, na kibuyu kimeshageuka nyumba ya mende.

Ndivyo mchezo wa Lwandamo ulivyozidi kukonda. Bibi zao walicheza kwa vyombo vilivyojaa uwanja. Wao walicheza kwa vichache, tena vyenye kukohoa. Kuna harusi moja ilipigwa kwa kitu kimoja tu cha kutikisa, bibi harusi akatembea kwa aibu kama mtu anayesindikizwa na mfuko wa mahindi.

Katika kijiji hicho aliishi mtu mmoja aitwaye Malogo, fundi wa nyuzi. Chombo chake kilikuwa cha kibuyu na mpini mrefu, na nyuzi zake zilikuwa za mshipa wa ng'ombe. Akizisugua kwa uta wake, hata watu waliokuwa wamenuniana walijikuta wanatikisa mabega upande mmoja. Malogo alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Nyemo. Tangu binti huyo anatambaa, baba yake alimwambia neno lilelile, "Siku utakayoolewa, hiki changu kitatangulia mbele yako, kutoka mlango huu mpaka mlango wa mumeo." Nyemo alikua na ahadi hiyo kama wengine wanavyokua na shanga kiunoni.

Akaja kijana mmoja mchangamfu, Chitema, mchunga ng'ombe wa ng'ambo ya mto. Posa ikapokewa, ng'ombe wakaja, harusi ikapangwa baada ya mavuno ya uwele. Lakini kabla mvua hazijaisha, Malogo akaugua homa, akafa.

Nyemo alilia mpaka sauti ikamkauka. Msiba ulipokwisha, Chidong'o alikuja mwenyewe na ngazi. Alikichukua chombo cha marehemu kwa mikono miwili, akakitundika darini, akashuka. Msidhani alikuwa na roho mbaya. Yeye na Malogo walichunga ndama pamoja wakiwa watoto, na siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia moshi.

"Mzee," Nyemo alimwambia, "na harusi yangu?"

"Mwanangu, nitakiita kwa jina gani?" Chidong'o akajibu. "Subiri. Mtoto wa ukoo akizaliwa akapewa jina, kitashuka."

"Mtoto wa nani? Nimezaliwa peke yangu. Mtoto wa kulichukua jina hilo ni wa kwangu mimi."

"Basi olewa, uzae."

"Siolewi bila hicho kutangulia mbele yangu. Baba aliahidi."

Chidong'o alikuna kichwa. Ili chombo kishuke, lazima mtoto azaliwe. Ili mtoto azaliwe, lazima Nyemo aolewe. Na Nyemo haolewi mpaka chombo kishuke. Jambo lilizunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Uwele ukaiva, ukavunwa, ukapurwa, na bibi harusi bado amekaa mlangoni kwa baba yake ameshika tama. Chitema, maskini, alikuwa anavuka mto kila mara kuulizia, akirudi na jibu lilelile mpaka ng'ombe wake wakaizoea njia. Ndugu zake wakaanza kunong'ona kwamba wanawake hawajaisha duniani, na mahari inaweza kurudi ilikotoka.

Wakati huo jirani mmoja alikuwa amejifungua, na Nyemo akaenda kushuhudia mtoto akitolewa nje. Mila ya Lwandamo ilikuwa hivi: mtoto mchanga alikaa ndani mpaka kitovu kidondoke. Kisha alfajiri mkunga akamtoa mpaka kizingitini, akamfunua kwenye upepo, na watu wote wakanyamaza. Mtoto alipaswa kulia mwenyewe. Hafinywi, hatekenywi. Akishalia, anapewa jina. Kabla ya hapo hana jina, wala haitwi mtoto wa fulani. Anaitwa mgeni tu. Na mkunga aliuliza kwa desturi, "Mgeni huyu ni wa nani?" Mwenye kudai alijitokeza akataja jina la baba wa mgeni. Asipojitokeza mtu, mgeni alihesabika wa kijiji kizima, na kila mtu alikuwa mzazi wake.

Nyemo alisimama pale akiangalia, na ghafla akajishika mdomo. Akaondoka bila hata kunywa uji wa watu, akaenda mbio kwa shangazi yake Mlowezi, dada wa marehemu, ambaye ndiye mkunga wa kijiji.

"Shangazi, nina mtoto wa kutolewa nje."

Mlowezi aliacha kupepeta. Akamtazama usoni, akamtazama tumboni, akamtazama tena usoni. "We binti! Na harusi bado? Huyo Chitema nilimwona anavuka mto mara nyingi mno."

"Si wa Chitema."

"Uwii! Wa nani tena?"

"Wa baba."

Mlowezi aliketi chini palepale juu ya uwele. Ilibidi Nyemo aeleze haraka kabla shangazi hajazimia. Akamwambia kwamba chombo kile hakijawahi kupewa jina lake. Kimeishi miaka yote kimevaa jina la baba, kama mwanamume mzima anayevaa shuka la baba yake. Hakijatolewa nje, ni mgeni bado. Kikitolewa nje na kikalia mwenyewe, kitapata jina, na chenye jina lake kinaweza kuitwa.

Mlowezi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajipangusa kwa pindo la nguo yake, akacheka tena. Halafu uso wake ukabadilika.

"Unajua unachoomba lakini? Likishabanduka jina la kaka yangu pale, halirudi. Hata ukizaa mtoto ukampa jina la babu yake, chombo kile hakitakuwa chake. Watu watacheza, watafurahi, na hakuna atakayelitaja jina la baba yako uwanjani. Wewe mwenyewe ulikuwa unaruka ukisikia linaitwa."

Ni kweli, alikuwa anaruka. Nyemo alirudi nyumbani na maneno hayo yakimkaa kifuani. Alikwenda mtoni kufukua kisima mchangani, akachota maji, akayamwaga, akachota tena, bila kujua anafanya nini. Hakuna kitu alichokipenda kama kusikia sauti ile kubwa ya Chidong'o ikiita "Malogo!" na umati ukishangilia kabla hata uta haujagusa uzi. Aliona anataka kumzika baba yake mara ya pili, tena kwa mikono yake. Alikaa kwenye mchanga, akalia sana. Kisha akanawa uso, akajitwika mtungi, akaenda moja kwa moja kwa shangazi.

"Jina la baba nitampa mwanangu," alisema. "Sauti ya baba sina mwingine wa kumpa. Tumtoe mgeni nje."

Wakakishusha chombo. Panya walikuwa wameshatafuna uzi mmoja; Nyemo akasokota mwingine wa mshipa wa ng'ombe. Akakipangusa masizi, akakipaka samli kibuyu kizima mpaka kikang'aa kama shavu la mtoto. Mlowezi akapitisha habari kijijini kwamba alfajiri kuna mgeni anatolewa nje kwa marehemu. Hakuongeza neno. Lwandamo haikulala vizuri kwa umbea.

Kulipopambazuka uwanja ulikuwa umejaa. Chidong'o alisimama mbele na fimbo yake, amekunja uso, maana alikuwa ameshapiga hesabu zake kuhusu Chitema. Chitema naye alikuwa nyuma kabisa, akiwaapia watu kwamba hajui lolote. Mlowezi akatoka na kitu kirefu kimefungwa kwenye nguo nyeusi, amekipakata vizuri, shingo imekaa juu ya kiwiko. Akafika kizingitini, akafunua.

Kelele zilizopigwa! Wengine walicheka, wengine walishika vichwa, na bibi mmoja asiyeona vizuri akasema mtoto ni mwembamba lakini ana afya. Chidong'o alipiga fimbo chini.

"Mlowezi! Huyu si mgeni! Hiki ni cha—"

Akaziba mdomo. Mwiko ulikuwa umemkaba yeye mwenyewe. Mlowezi akamgeukia taratibu, kwa adabu zote, akauliza kama desturi inavyotaka, "Mgeni huyu ni wa nani?"

Chidong'o alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Ili apinge, ilimbidi aseme ni cha nani. Na kusema ni cha nani ni kumtaja marehemu mbele ya watu, tena mlangoni kwake. "Ni cha... cha yule... mnamjua!" alisema, na shingo ikamvimba.

"Wa nani?" Mlowezi akauliza mara ya pili.

Umati mzima ulikuwa unamtazama Chidong'o, na umati mzima ulikuwa umeuma midomo usicheke. Hakuna aliyeweza kujibu, hata Nyemo. Basi Mlowezi akatangaza kwamba mgeni asiyedaiwa ni wa kijiji kizima. Chidong'o akasema sawa, lakini kwa vile ni mtu wa mila, mila ifuatwe mpaka mwisho: mtoto hafinywi. Hakuna kugusa uzi, hakuna kugusa uta. Kisipolia chenyewe, kinarudi darini.

Hapo Nyemo akajua amepata au amekosa. Watu wakanyamaza kabisa. Mlowezi alikiinua chombo juu, kwenye baridi ya alfajiri, akakishikilia. Hakuna kitu. Jogoo mmoja akawika, akatupiwa jiwe. Nyemo alikuwa amefumba macho na kusema moyoni, baba, baba, baba, bila kutaja jina.

Nanyi mnajua upepo wetu wa kiangazi unavyoanza jua linapochungulia. Ukateremka kilimani, ukapita juu ya matembe, ukawapepea wanawake nguo, ukafika kizingitini. Nyuzi zikatetemeka, na kibuyu kikaitika.

"Zeee," kikalia, kwa sauti nyembamba ya mtu aliyeamka sasa hivi. Upepo ukapumzika, ukarudi. "Ze."

Nyemo alifumbua macho. Hiyo ndiyo sauti aliyoamka nayo kila siku ya maisha yake, baba yake akijaribu uzi mmoja kabla hajasalimiana na mtu. Alilia na kucheka kwa wakati mmoja, hakujua aanze na kipi. Alifurahi mno.

"Amejitaja mwenyewe," Mlowezi akasema. "Huyu ni Zeze." Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakageuka mazizini.

Ikawa kama moto wa nyika. Watu walikimbia majumbani, wakapanda ngazi, wakashusha kila kilichotundikwa darini. Mwingine alikuja na cha vijiti vya chuma amekitia mfukoni, naye kila akipiga hatua, mfuko unasema marimba-rimba, marimba-rimba; kabla hajafika kizingitini watu walikuwa wanalijua jina. Mama mmoja alileta cha mabua yenye mbegu ndani, akajikwaa, kikasema kayamba chote kwa mara moja. Kile kidogo cha kupuliza kilisubiri upepo, kikajiita filimbi. Mzee mmoja alileta jembe, akaambiwa hilo lina jina tayari na lirudi shambani nalo.

Chidong'o alikuwa bado amesimama, akisema kwamba yeye yu hai na chake kinaitwa Chidong'o, basi. Hakuona kwamba mkewe ameshapita nyuma yake akiwa amejitwika chombo cha mumewe, kile cha gogo na ngozi. Mlangoni mama yule akainama vibaya, kikamtoka kichwani. Kikaanguka kwa kishindo, "Ngo!" kikaanza kubingirika mteremkoni, "ma, ngoma, ngoma, ngoma," na mzee na fimbo yake na mila zake zote akikifuata mbio. Alipokikamata kule chini alikuwa anahema, na inasemekana alikuwa anacheka. Aliporudi alikiweka miguuni pa Mlowezi na kusema, "Haya. Kimejitaja mbele ya watu. Ningefanyaje?"

Harusi ilifuata. Chidong'o akasimama katikati ya uwanja, akasafisha koo, akaita kwa sauti yake yote: "Zeze!"

Hakuna aliyetoka. Tangu dunia iumbwe chombo kilipigwa na mwenyewe tu, na hiki sasa hakikuwa cha mtu. Watu wakatazamana. Ndipo Nyemo, na shanga zake zote za harusi, akatoka mlangoni, akalichukua. Alikuwa amekaa miguuni pa baba yake miaka yote; mikono yake ilikuwa inajua zamani, ilikuwa inangoja ruhusa tu. Akaliweka kifuani, mpini mbele, akaanza kupiga na kutembea. Na kwa kuwa mpigaji hulishika zeze mbele yake, zeze ndilo lililotangulia, kutoka mlango wa baba yake, likavuka mto, mpaka mlango wa Chitema. Chidong'o alicheza njia nzima, macho mekundu, na safari hii hakusingizia moshi.

Baadaye Nyemo alizaa mtoto wa kiume, akatolewa nje, akalia kama ng'ombe, akapewa jina la Malogo. Alikuwa mtoto mzuri, na hakupenda zeze hata kidogo. Alipenda mbuzi. Zamani chombo kingemngoja mpaka kioze; sasa hakikuwa na haja ya kumngoja mtu. Kilipigwa na aliyekitaka, naye akichoka akampisha mwingine.

Na tangu siku hiyo, vyombo vyetu vya muziki huitwa kwa majina viliyojitajia vyenyewe, na mpiga zeze haurukii wimbo kwa pupa. Anagusa kwanza uzi mmoja, kisha anatulia kidogo, kama pale kizingitini watu waliponyamaza kumngoja mgeni. Mmeliona hilo kila harusi, mkadhani fundi amesahau wimbo.

Haya, nyuzi zangu zimekaza. Zeze hili lilitengenezwa na baba yangu, na katika ukoo wetu hajazaliwa bado mtoto wa kulichukua jina lake. Kwa hiyo sitawatajia. Wekeni karanga chini, msikilize.